Wanaongea Nini Huko Juu

Hapa Baikonur, roketi ikisharuka, mji hurudi kuwa mtupu. Wageni wenye kamera hupanda mabasi yao, na benchi la mbele ya jengo letu hubaki na wenyewe: Jumabek, fundi redio mstaafu tunayemwita Profesa, Arkadi, aliyekuwa zimamoto wa uwanja wa roketi, huyo tunamwita Maji, na mimi Saule, mwenye chupa ya chai. Zamani tulikuwa tunabanana. Siku hizi unaweza hata kujilaza, maana wengi wamehama na wengine tumewazika. Alasiri ile redio ilikuwa imetangaza kwamba Warusi wawili na Mmarekani mmoja waliorushwa asubuhi wameshafika kwenye kituo cha angani.

— Serikali zao hazipikiki chungu kimoja, nikasema. Hawa wanawezaje kulala nyumba moja?

— Mbona rahisi, dada, akasema Profesa. Mmarekani ana umeme, Mrusi ana injini za kukizuia kituo kisianguke. Kila mmoja kamshika mwenzake shati.

— Unatupiga kamba, akasema Maji.

— Haya, sikia la ndani. Makhani, watawala wa zamani wa nyika hii, walikuwa wakibadilishana watoto wa kiume, ili asiwepo wa kumvamia mwenzake. Hao watatu ni mateka, bwana. Wamevalishwa tu nguo za urubani.

— Mateka gani anapigiwa makofi?

— Wewe una lipi basi?

Maji akapuliza chai yake.

— Hawasemeshani. Zile sauti zao tunazosikia redioni zilirekodiwa kabla hawajaondoka.

— Miezi yote hiyo, meza moja, kimya? akauliza Profesa.

— Watu wanaweza.

Profesa akaniangalia, mimi nikaangalia kikombe. Maji ana mdogo wake, Lev. Walizima moto pamoja hapa ujana wao wote, kisha Lev akahamia Ukraine, kwao mkewe. Vita vilipoanza walitukanana kwenye simu, kila mtu na upande wake. Hawajasemezana tena.

Raushan, nesi aliyehamia ghorofa ya pili wiki ile, alikuwa anapita na mfuko wa viazi. Nikamkaribisha, akakaa pembeni, akasikiliza. Habari za Lev hakuwa nazo.

— Samahanini wazee wangu, akauliza. Wakigombana huko juu, nani huanza kumsemesha mwenzake?

Nikainua chupa nimwongezee Maji, ikatoa tone moja.

Maji akatoa simu. Akaitazama kwa muda kabla ya kubonyeza. Ikaita, ikaita, tukadhani haitapokelewa.

— Lev, akasema. Ni mimi.

Upande wa pili tulimsikia mtu akipumua.

— Leo wamerusha, akasema Maji. Watatu.

Ikaja sauti nzito, ya mbali:

— Wamefika salama?

— Wamefika.

Simu ikakatika. Maji akabaki ameishikilia sikioni, na kati yetu hakuna aliyemwambia kwamba imekatika.