Bundi wa Shaba

Mzee Vidau: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

Mama Pacha: Ni mimi, baba. Shikamoo.

Mzee Vidau: Marahaba, mkwe wangu, marahaba! Wajukuu zangu hawajambo?

Mama Pacha: Hawajambo. Wanacheza uani.

Mzee Vidau: Na wazazi hapo kwenu?

Mama Pacha: Wazima.

Mzee Vidau: Vizuri. Vizuri sana... Huku mvua imenyesha mpaka—

Mama Pacha: Baba, umenipigia habari za mvua?

Mzee Vidau: Hapana... Fundi wa kufuli kanipigia asubuhi.

Mama Pacha: Fundi?

Mzee Vidau: Anasema bundi yuko tayari. Kile kidau changu cha wino, cha shaba, kinachofunguka kichwani. Bawaba ililegea. Kumbe nilimpelekea mwenyewe, nikasahau. Si unajua vidau vilivyojaa kabatini, vya makobe, vyura, ngamia... uzee huu, mwanangu...

Mama Pacha: Ulimpelekea mwenyewe.

Mzee Vidau: Haloo? Mtandao unakwaruza.

Mama Pacha: Nakusikia.

Mzee Vidau: Basi ndiyo hivyo. Bundi kapatikana. Yaliyopita si ndwele, tu—

Mama Pacha: Baba, ulinimwagia mkoba mezani ukimtafuta huyo bundi. Mbele ya shangazi wote. Nguo zangu za ndani zikaanguka sakafuni, nikaziokota mkiniangalia.

Mzee Vidau: Zilikuwa hasira, mwa—

Mama Pacha: Ukasema mwizi hana alama. Tena ukacheka.

Mzee Vidau: Nilicheka?

Mama Pacha: Ulicheka.

Mzee Vidau: Nisamehe, basi.

Mama Pacha: Shangazi bado wapo?

Mzee Vidau: Wapo sebuleni. Kwa nini?

Mama Pacha: Kaliseme hilo huko. Weka simu kwenye spika, nami nisikie.

Mzee Vidau: Na mtandao wenyewe huu—

Mama Pacha: Mtandao uko sawa, baba.

Mzee Vidau: (anakohoa) Dada zangu... hebu zimeni hiyo redio. Kile kidau hakikuibwa. Nilikipeleka kwa fundi kwa mkono wangu huu. Huyu mtoto nimemvunjia heshima bure. Mtu mzima ovyo, mimi.

Mama Pacha: Ahsante, baba.

Mzee Vidau: Utarudi? Nikupe mumeo? Yuko hapa mlangoni, kainamisha kichwa—

Mama Pacha: Hapana. Siku ile alikaa kando yako, mkoba wangu unamwagwa, yeye anafuta miwani.

Mzee Vidau: Anasema eti—

Mama Pacha: Asiseme kupitia kwako. Simu anayo.

Mzee Vidau: Ngoja, mwanangu, salio langu lina—