Paa la Mama Deka

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, nyuma ya soko la Garissa, mkabala na duka la vyuma, na Saynab ndiye mwenye birika la kahawa ya tangawizi. Ubao huo una tabia yake: aliyekaa mwisho mmoja akisimama ghafla, wa mwisho wa pili huteremka na kikombe chake. Alasiri hiyo watu waliteremka mara nyingi kwa sababu Guleid hakutulia. Alikaa, akasimama, akatazama mawingu upande wa mto, akakaa tena. Maisha yake yote ya kazi aliendesha malori ya mifugo kutoka Griftu hadi Nairobi, mpaka mwaka jana mkewe Shamso alipougua. Akaliegesha lori, akamuuguza mkewe, akamzika. Sasa nyumba inavuja, masika iko karibu, na binti yake Deka yuko njiani kutoka Mandera kuja kujifungua. Siku arobaini za uzazi atazikalia katika nyumba ya mama yake. Kasyoka, fundi wa mapaa, alitaka jibu kabla jua halijazama: azibe matundu, au ang'oe mabati yote na mbao zake aezeke upya.

Wazee wawili walikuwa wamemtangulia Guleid ubaoni. Abdisalam waliyemwita Spika, kwa kuwa hakuna aliyezungumza pale bila yeye kutoa ruhusa ambayo hakuna aliyeiomba. Na Jaldesa, aliyeitwa Setilaiti kwa sababu ambayo haikuchukua muda kujitokeza.

Katika kinywa cha Guleid p hugeuka b, kama katika vinywa vya wengi mjini humo, na hakuna aliyelitilia hilo maanani.

— Hii baa yangu, Spika. Naziba ama natoa yote?

— Ziba, alisema Spika. Hiyo baa haijazeeka. Hiyo ni korongo.

Akaeleza. Korongo wakishashiba jalalani hawawezi kuruka mbali, na nyumba ya Guleid iko katikati ya jalala na machinjio. Wanatua pale kupumzika. Korongo aliyeshiba, alisema, ana uzito wa mbuzi wa Idd, na uzito wote huo umesimama juu ya miguu miwili kama misumari. Dawa yake ni kuziba matundu, kisha kutupa matumbo ya mbuzi juu ya paa la jirani ili korongo wahamie huko.

— Jirani gani? aliuliza Setilaiti.

— Yeyote hasalimii watu.

Setilaiti alimwacha acheke peke yake. Yeye aliona korongo ni kisingizio tu. Korongo walikuwako Garissa kabla ya mabati, na mabati ya zamani hayakutoboka. Kilichobadilika ni kilichoko juu ya korongo. Siku hizi, alisema, kila duka lina sahani ya intaneti iliyotazama mbinguni, na kile kinachotumwa kutoka huko hakianguki chote ndani ya sahani. Kingine kinaangukia mabati. Bati linapata joto mchana kwa jua na usiku kwa intaneti, halipumziki, mwisho linachoka. Akashauri Guleid atoe mabati yote na asirudishe bati lolote. Aezeke kwa mikeka ya herio, kama nyumba za malishoni.

— Setilaiti haioni mkeka, alisema. Uliza mtu yeyote.

— Na mvua je, nayo haioni mkeka?

— Mvua ni ya Mungu, Spika. Usichanganye idara.

Guleid alikuwa amesimama tena. Ubao ukainama, kahawa ya Spika ikamwagikia kanzu, na Spika akamwambia akae chini au aende akamlinde korongo wake. Guleid akakaa ukingoni kabisa, kama abiria anayeogopa kupitishwa kituo. Simu ilikuwa mkononi mwake. Fundi alikuwa amekwisha kupiga mara mbili.

Akawaeleza jambo moja ambalo lilikuwa likimsumbua. Asubuhi Kasyoka alipanda juu, akashuka na kipande cha ubao, akakiminya kwa vidole kikawa unga. Akasema maji yamekuwa yakiingia humo siku nyingi, mchwa wamefuata, na kuziba bati juu ya mbao kama hizo ni kumfunga bandeji mtu aliyevunjika mfupa. Lakini Guleid mwenyewe hakuwahi kuona tone kabla ya mvua za vuli zilizopita, za kwanza tangu Shamso azikwe. Paa lilikuwa zima, kisha ghafla likavuja.

— Fundi wote wanasema hivyo, alisema Spika. Umeona fundi anakuambia kazi ni kidogo?

— Hata mimi nafikiri hivyo. Kama baa imeharibika zamani, mama Deka angesema. Huyu mama alikuwa anasema hata kuku ikikosa yai.

Wazee wote wawili waliafiki. Shamso walimfahamu. Aliwahi kutoka nyumbani mpaka pale ubaoni kumwambia mumewe, mbele ya watu, kwamba komeo la mlango limelegea. Kwa mwanamke wa namna hiyo kuvumilia paa bovu bila kusema halikuwa jambo la kufikirika. Basi uharibifu ulikuwa wa ghafla, na jambo la ghafla lina mkosaji. Hapo Spika na Setilaiti walifanya kitu ambacho hawakuwahi kukifanya tangu ubao ule uwekwe: walikubaliana. Spika alikumbuka kwamba korongo wengine wana pete miguuni. Setilaiti akauliza pete hizo huvalishwa na nani, na kwa faida ya nani. Kufikia kikombe kilichofuata, korongo walikuwa wametumwa, pete zilikuwa vyombo, na kila walipotua juu ya bati la Guleid walikuwa wakielekeza kitu.

— Wanakuchora, alisema Setilaiti kwa upole. Ndiyo maana matundu yako hayako pamoja. Ni ramani.

— Ramani ya nini? aliuliza Guleid.

— Hiyo sasa ndiyo hatujui.

Saynab, aliyekuwa akisuuza vikombe bila kuinua kichwa, aliuliza kama Deka na mtoto watalala chini ya ramani hiyo au chini ya paa. Guleid alisimama, akaenda hadi kwenye duka la vyuma, akagusa bati jipya lililoegemezwa ukutani, akarudi. Alitaka kuziba. Alitaka nyumba ibaki kama Shamso alivyoiacha, lakini hilo hakulisema, na kijiweni si mahali ambapo mtu angelisema.

Ndipo alipofika Koome, mwalimu mgeni kutoka Meru, ambaye wiki hiyo ndiyo kwanza ahamishiwe Garissa. Alisalimia, akasogezewa nafasi katikati ya ubao, ambako ni salama, akapewa kahawa. Guleid alikuwa akizungumza na hewa:

— Hii baa imeingia kwa nyumba yangu, sijui nifanye nini na yeye. Na mtoto yangu anakuja.

Koome alikiweka kikombe chini. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alisema kama mtu aliyeketi matangani.

— Pole sana, mzee. Baa hilo lilianza lini?

Spika alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza mwalimu kwamba si balaa, wala si mahali pa kunywea pombe, ni ile ya juu, ya mabati. Koome akaona haya.

— Kumbe paa. Nisamehe, mzee. Nilidhani ni msiba.

— Ngoja, alisema Guleid. Umeuliza nini?

— Hapana, mzee, nilikosea.

— Umeuliza nini?

— Niliuliza lilianza lini.

Guleid alifungua kinywa kutaja mvua za vuli, na ule unga wa ubao katika vidole vya Kasyoka ukamjia mbele ya macho. Mbao hazigeuki unga kwa msimu mmoja. Hilo alilijua, aliwahi kuona bodi la lori likioza, na anajua kazi hiyo huchukua muda gani. Akamtazama Spika. Spika akamtazama Setilaiti. Mzee aliyekuwa na jibu la kila kitu kilicho kati ya ardhi na mbingu akachungulia ndani ya kikombe chake.

Guleid akampigia Deka. Injini za malori zimemharibia masikio, kwa hiyo simu yake huisikiliza kwa sauti ya nje, na ubao mzima husikiliza naye. Walizungumza Kisomali, ambamo baba ni aabo na mama ni hooyo. Koome peke yake hakuelewa.

— Deka, paa lilianza kuvuja lini?

— Paa gani, aabo?

— La kwetu.

Nyuma yake zilisikika kelele za stendi.

— Nilikuwa bado shule ya msingi, alisema Deka.

— Mimi sikuliona.

— Mvua zikinyesha ulikuwa umekwama njiani. Ukirudi ni kiangazi. Unakumbuka magodoro uliyokuwa ukiyakuta yameanikwa uani, unanicheka kwamba msichana mkubwa bado anakojoa?

— Nakumbuka.

— Ilikuwa mvua, aabo.

Guleid hakusimama. Alikuwa amekaa sawasawa, mgongo umenyooka, simu juu ya goti.

— Na mvua zilizonikuta nyumbani? Zilikuwepo.

— Ulikuwa unalala upande mkavu. Hooyo ndiye aliyekuchagulia.

— Huyo mama alinisumbua kwa ajili ya komeo. Kwa nini hakuniambia hili?

— Alisema ukijua, kila ukiona wingu utaendesha mbio kurudi.

Guleid akamuuliza amefika wapi. Akamwambia avute pumzi, akae upande usio na jua, asinunue maji yasiyofungwa. Kisha akakata simu.

Setilaiti akamsogezea Koome sukari, ingawa Koome hakuomba. Saynab alikichukua kikombe cha Guleid kilichopoa, akakimwaga, akakijaza upya.

Simu ikalia. Ni Kasyoka, na sauti yake ilitoka juu ya nyumba. Bati lilikuwa likigonga chini ya miguu yake. Alisema amepanda tena kuhakikisha, na ana habari njema kidogo. Upande wa chumba cha mzee mbao ni nzima na bati halina tundu. Kama mzee amekubali kutoa, huo waweza kuachwa, watoe huu mwingine tu.

— Toa yote, alisema Guleid. Anza na hiyo ya kwangu.

— Mzee, hiyo ndiyo nzima.

— Najua. Anza na hiyo.