Papa Byamungu Sylvain na Utando Usiotakiwa Kukauka

Papa Byamungu Sylvain alizaliwa Kibabi, Masisi, tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa kwanza wa wakulima wa maharagwe. Ninayesoma ni mimi Céline, mdogo wake. Huu ni wasifu wa tatu ninaousoma mwaka huu. Mnivumilie.

Alisoma shule ya msingi Kibabi, kisha ufundi mekanika Goma, akapata diploma mwaka 1987. Tarehe 10 Agosti 1991 alifunga ndoa na Mama Umwali Astrid.

Tangu 2016 alitunza mtambo wa maji wa kituo cha afya, Ntoto. Maji ya msitu yana rangi ya chai, na utando wa kuchujia, ngozi nyembamba yenye matundu madogo sana, ulikuwa ukiziba kila siku mbili. Aliposikia kwamba makaa husaidia, alisaga makaa ya jiko la mkewe. Utando ukaziba kabisa, na siku ile, nami nikiishi kwao, chakula cha mchana tulikila jioni kwa kukosa makaa jikoni. Baadaye alipata Goma makaa amilifu, yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Aliyakoroga kwenye tangi, yakanasa rangi na uchafu, akayaacha yatuame, ndipo maji yakapita kwenye utando. Tangu hapo aliuosha mara moja kwa wiki tatu, na wagonjwa wa kuhara wakapungua. Alijisifia jambo hilo bila haya, na ilikuwa haki yake.

Vita vilipofika Ntoto tarehe 3 Februari 2025, aliufungua utando, akautia ndani ya bidoni, yaani dumu, la maji safi, akalibeba mgongoni siku tatu hadi Walikale. Utando wa namna ile ukikauka hauchuji tena. Maji yetu ya kunywa yaliisha siku ya pili. Mkewe alimsihi anywe yale ya bidoni.

"Mama Noëlla, ikikauka njo imekufa," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao. "Miye nitakunywa ya mutoni."

Akanywa, nasi tukanywa. Aliyeugua ni yeye. Wauguzi walisema ni kipindupindu. Alifariki tarehe 8 Februari, saa nne asubuhi.

Jana fundi Jean-Luc aliufunga utando kwenye mtambo wa maji wa hapa Walikale. Unachuja vizuri. Wengi mmenipa pole kwa kumsifu ushujaa. Asanteni. Lakini nimechoka na mashujaa: mimi ningeuacha ukauke, nibaki na kaka yangu.

Ameacha mjane, watoto watatu, Noëlla, Patient na Naomie, wajukuu watano, na mimi. Mungu ampe pumziko lenye amani, kwa kuwa hapa duniani hakulipata.