Rumaisa Hashil wa Chang'ombe na Alasiri ya Tunzo

Wasikilizaji wapendwa, Rumaisa Hashil hatunaye tena. Mpiga fidla Rumaisa Hashil, mzaliwa wa Chang'ombe, amefariki Jumanne akiwa na miaka arobaini na nne. Fidla yake ilisikika Berlin, Tokyo na Cape Town. Lakini leo nawapeleka kwenye alasiri moja tu, hapa hapa Dar es Salaam, ambapo yote hayo nusura yasiwepo.

Fidla alifundishwa na jirani yao, Mwalimu Kamugisha, aliyekuwa akipiga kanisani. Baba yake, Mzee Hashil, muuza vitambaa, hakutaka kabisa. "Binti yangu apigie watu vyombo? Labda mie nimeshazikwa." Rumaisa alipopata nafasi ya kusoma Ujerumani, aliondoka bila radhi ya baba. Miaka sita mzee hakupokea simu yake. Miaka sita, wasikilizaji wapendwa.

Mwaka wa saba akaja na okestra ya huko, yeye akiwa kwenye majaribio. Mwongozaji wa okestra alimwambia waziwazi: kipande chako cha peke yako usikikatishe. Ukikikatisha, nafasi anapewa mwingine.

Ukumbi ulijaa. Rumaisa akaanza. Akafika mahali pa taratibu, uzi mmoja tu unanong'ona, watu hata kukohoa wanaogopa. Ndipo akamwona baba yake. Hakujua kwamba mama yake, Bi Thuraya, amemleta. Mzee kasimama. Mzee anakuja jukwaani, kanzu nyeupe, uso umekunjwa.

Jasho lilimshuka Rumaisa mpaka kidevuni, likalowesha fidla. Aliwaza jambo moja: anakuja kuninyang'anya. Aache kupiga, amwamkie baba? Au aendelee, mzee aaibike mbele za watu?

Kaka yake, Yazid, ananisimulia: "Nilimshika kanzu. Nikamwambia, Baba, kaa, muziki wa hawa hautunzwi! Akanijibu, 'Kwani anayepiga nani? Si mwanangu? Niachie kanzu, utanichania!'"

Maana mzee alijua muziki wa harusini. Kwenye taarabu, ukiguswa, unainuka unakwenda kumtunza mpigaji kwa pesa. Akapanda ngazi. Akatoa noti ya elfu kumi. Mikono ya binti imeshika fidla, sasa noti aiweke wapi? Akaiweka kwenye stendi, juu kabisa ya karatasi ya muziki. Mistari miwili ikafunikwa. Ukumbi ukaguna. Mwongozaji akageuka, fimbo yake ikabaki hewani.

Rumaisa hakuacha. Aliinamisha kichwa, kama wapigaji wa taarabu wanavyopokea tunzo. Akafumba macho. Ile mistari miwili akaipiga kwa kichwa, asikose hata sauti moja.

Onyesho lilipokwisha, mwongozaji akamuuliza, "Yule mzee alitaka nini?"

"Kanipa radhi," akajibu.

Nafasi aliipata siku ile ile.

Mzee Hashil, Bi Thuraya, Yazid, poleni sana. Mungu awape subira, na marehemu amlaze pema. Na sie tuliobaki, kila mmoja ajiulize: nani wangu ananisubiri niinuke nilipoketi?

Onyesho lile lilirekodiwa, wasikilizaji wapendwa. Mtasikia fidla peke yake. Halafu mtasikia makubazi ya mzee kwenye mbao, kwa, kwa, kwa. Fidla haisimami. Sikilizeni.