Sekunde Sita za Fundi Jaribu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hamkuwahi kumsikia, ingawa kila mlichosikia hapa kwa miaka ishirini na saba kilipita mikononi mwake. Alikuwa fundi mitambo wetu. Sisi tulimwita Jaribu. Fundi Jaribu alifariki wiki iliyopita, na jana tulimzika.

Jina hilo alilipata kihalali. Kabla ya kila kipindi aliingia studio, akagonga kipaza sauti, akasema "jaribu" mara tatu. Si mbili, tatu. Nilikuwa nikimtania kwamba hata siku ya harusi yake alikubali mara tatu. Na aliiamini taa nyekundu kuliko macho yake. Ikiwaka, kipaza sauti kiko wazi, tia ulimi breki. Ikizimika, sema utakalo. Ikumbukeni taa hiyo, wapendwa.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu, mkewe aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Huyo ni shemeji yangu, na tangu zamani ananiweza kwa maneno. Akalala chumba cha nyuma. Mfupa uliunga, madaktari wakamwambia ainuke atembee. Hakuinuka. Aliogopa kuanguka tena. Gongo walilompa lilisimama ukutani miezi mitatu, linakusanya vumbi.

Nilipokwenda kumjulia hali, hakulalamikia nyonga. Aliniambia, "Shemeji, nasikia wanacheka sebuleni, na mimi sijui wanacheka nini."

Fundi akanunua kompyuta mbili ndogo. Ndogo hasa, ubao mmoja tu unaoenea kiganjani, hauna kioo wala kibodi. Moja akaiunganisha na redio ya sebuleni. Ya pili akaiweka kando ya kitanda, na spika kuukuu aliyopewa hapa studio. Sauti ilitoka sebuleni, ikasafiri kwa waifai ya nyumbani, ikaingia chumbani. Siku mbili za kwanza ilinguruma tu. Kumbe alikuwa akizipa umeme kwa chaja za simu, na chaja zenyewe dhaifu. Binti yake, ambaye ni muuguzi, anasema siku hizo mbili baba yake alikula amesimama.

Shemeji akashukuru. Kisha akasema redio ni nzuri, ila yeye anataka watu. Basi fundi akaning'iniza kipaza sauti juu ya meza ya chakula, akafunga swichi ukutani, na pembeni yake taa nyekundu. Studio kamili, ndani ya sebule.

Ila sauti ilichelewa. Akiiharakisha, inakatikakatika. Akiiacha itulie, inafika safi, lakini sekunde sita baadaye. Akachagua safi. Sekunde sita, wasikilizaji. Watu sebuleni wanacheka, wanamaliza, kimya, ndipo kicheko cha shemeji kinatoka chumbani. Wajukuu wakawa wanahesabu kwa vidole wakimngoja bibi yao, na bibi hakuwahi kuwaangusha.

Kisha fundi akaanza kukonda. Hospitalini wakamwambia ni saratani ya ini, imeshaenea. Alimwambia mtu mmoja tu, yule binti muuguzi. Mkewe hakutaka ajue. Alikuwa na hakika kwamba akisikia habari hiyo, hatanyanyuka kitandani maisha yake yote.

Asubuhi moja baba na binti walikaa mezani. Fundi akaitazama taa. Imezima. Akafungua moyo. Akasema mwaka hataumaliza.

Wasikilizaji wapendwa, balbu ilikuwa imeungua. Swichi ilikuwa wazi tangu chai ya asubuhi. Mtu aliyejaribu kila kitu mara tatu hakuijaribu balbu yake mwenyewe. Mganga hajigangi.

Binti ananiambia hivi: "Baba alimaliza kusema, tukanyamaza. Ndipo tukasikia sauti yake ikitoka chumbani: 'Mama yako asijue.'"

Kisha wakasikia kitu sakafuni, ko, ko. Lilikuwa gongo. Binti alitaka kukimbia akamshike mama yake, fundi akamzuia kwa mkono. Hatua kumi na moja, binti alizihesabu. Shemeji akasimama mlangoni, ameegemea gongo.

Akasema, "Balbu yako imeungua, baba watoto. Na mficha maradhi kifo humuumbua. Nisogezee kiti."

Akamsogezea. Walilia, tusidanganyane. Alasiri hiyo hiyo fundi akabadilisha balbu, akaijaribu mara tatu. Na tangu siku hiyo hakwenda kwa daktari peke yake. Miezi saba, shemeji na gongo lake walikuwa ubavuni mwake. Miezi saba ambayo angeitumia kuficha.

Shemeji, pole sana. Pole binti, poleni wajukuu na ndugu wote. Mmeondokewa na mtu mwema, na mimi nimeondokewa na rafiki ambaye bado nageuka kumtafuta nyuma ya kioo cha studio.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wetu ana mtu anayemficha jambo, na tunasema ni kwa kumpenda. Tufikirie tunamnyima nini.

Binti amenipigia kabla sijaingia hewani. Sebule yao imejaa waliokuja kuhani, redio iko wazi, na shemeji amekwenda kupumzika chumba cha nyuma. Hakutaka redio nyingine. Anatusikiliza kwa mashine ya mumewe. Maana yake maneno haya hayajamfikia bado.

Fundi Jaribu alikuwa mkali kwa ukimya hewani. Sekunde tatu tu, angekuja mbio. Leo atanisamehe. Taa nyekundu mbele yangu inawaka, nimeijaribu mara tatu. Sasa ninanyamaza sekunde sita, nanyi nyamazeni nami, tumngoje shemeji afike hapa tulipo.