Laini ya Mama Dionisia Inazimwa Saa Kumi

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Mama Dionisia Mrope, Mkuu wa Huduma kwa Wateja wa Lukuledi Mtandao, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Ratiba inasema keki ni saa tisa na chakula saa kumi na moja. Katikati hapo, saa kumi kamili, laini yake ya simu ya ofisi itazimwa. Mimi Saturnini wa ofisi ya Ruangwa niliombwa niandike wasifu wa furaha, nami nitajitahidi, ila niseme mapema kwamba nauandika nikiwa na hofu.

Mama alianza kazi mwaka 2003, kampuni ilipofungua kafe ya intaneti karibu na stendi ya Nachingwea. Ilikuwa na kompyuta chache na jenereta lenye kelele, na wateja walivua viatu mlangoni. Mzee mmoja wa Mtua alimletea barua iliyokwisha kubandikwa stempu, akaomba iingizwe kwenye kompyuta iende kwa mwanawe. Mama hakumcheka. Aliichapa yote, akaituma, akambandulia stempu yake akamrudishia.

Kisha mambo yakanoga. Tukafungua ofisi Ruangwa, tukagawa fulana kwenye mechi za timu ya Namungo, tukawa na huduma yetu wenyewe ya barua pepe. Wafanyakazi tulikuwa wengi hadi vikombe vya chai tukaviandika majina. Zilipokuja simu janja, kila mtu akawa na intaneti mfukoni na kafe ikabaki na mbu. Tukauzwa kwa kampuni ya Dar es Salaam, nayo ikauzwa kwa nyingine ambayo wenyewe hatujawahi kuwaona sura. Kila tulipouzwa bango lilipakwa rangi mpya, na kabla rangi haijakauka kuna wenzetu walikuwa wameshaaga. Leo tumebaki mama, fundi Ignasi na mimi.

Barua pepe yetu nayo ilizimwa, na watu wakapoteza vyao. Mama aliwafungulia upya akaunti kwenye kampuni kubwa za nje, mmoja baada ya mwingine. Akaunti hizo hudai namba ya simu, ili ukisahau neno la siri au ukibadilisha simu utumiwe namba za kuthibitisha kuwa ni wewe. Wateja wetu hubadilisha laini kila msimu wa korosho. Kwa hiyo mama aliwawekea laini ya ofisi, akisema namba ya kampuni haipotei. Sote tuliamini hivyo.

Mwezi Aprili wenye kampuni walitangaza kufunga Nachingwea na Ruangwa. Laini zote zirudishwe, zitauzwa upya kwa watu wengine. Ignasi ndiye aliyeelewa kwanza, akakaa chini kabisa sakafuni. Atakayeuziwa laini ile ataweza kuingia kwenye akaunti za walimu, wachimbaji na wanunuzi wa korosho wa wilaya mbili, na wenyewe watafungiwa nje. Mama aliomba aachiwe laini. Alijibiwa kuwa ni mali ya kampuni.

Akaanza kuwapigia wateja wabadilishe namba, wamtajie zile za kuthibitisha zitakazoingia kwenye simu zao. Hapa kwanza nilicheka. Kwa miaka yote, kwenye kila semina, mama huyu huyu aliwafundisha watu wasimtajie namba za kuthibitisha yeyote anayepiga simu. Kumbe walimwelewa vizuri. Walimkatia simu, wengine wakamtukana, na Isihaka, mnunuzi wa korosho aliyekaa mstari wa mbele semina zote, akaenda kumripoti kuwa tapeli.

Basi ikabidi aende mwenyewe, Ignasi akimbeba kwenye pikipiki. Kwenye mechi ya Namungo aliomba kipaza sauti wakati wa mapumziko, na wachimbaji wakapanga foleni hadi mpira ukaisha bila wao kuona kipindi cha pili. Kule Mtua alikaa gulioni tangu asubuhi. Hivyo ndivyo alivyowaokoa karibu wote.

Aliyebaki ni binti mmoja wa Mkotokuyana. Mama yake, Penina, ni wa familia ya wafugaji waliohamia na ng'ombe kutoka upande wa ziwa. Mumewe, Lubasha, ndiye aliyekuja ofisini mwaka jana kumfungulia akaunti binti yao Yunisi, aliyeomba chuo cha uuguzi. Simu ya Yunisi iliibwa, na kwenye simu mpya akaunti haifunguki bila namba zinazotumwa kwenye laini ya mama. Jibu la chuo litafikia humo mwezi ujao, na chuo kimesema muda wa kubadilisha anwani umepita.

Lubasha yuko machungani, mbali na mtandao. Penina hakuwahi kumwona mama. Alimkaribisha kwa heshima, akampa maziwa, kisha akakataa kumwita binti.

"Dionisia mwenyewe alimwambia mume wangu, hata akipiga yeye tusimpe," alisema. "Sasa wewe nitajuaje ndiye?"

Mama alitoa kitambulisho. Penina akasema hata matapeli wanavyo. Akauliza ni lini atamwona mbele ya watu wanaomfahamu, wakimwita kwa jina lake. Mama akamtajia sherehe hii, na Penina akaahidi kuja na Yunisi.

Napeleka haya kuchapwa bila kujua kama watafika. Kuna siku gari la kutoka kule haliji. Naiogopa Jumatatu, nitakapoamka sina ofisi, lakini leo naiogopa zaidi saa kumi.

Mama Dionisia, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuvumilia. Tunakuombea maisha mema, afya, na usingizi ambao tangu Aprili hujaupata.

Na wewe, Mama Yunisi, kama umo ukumbini unasoma au unasomewa karatasi hii: yule mwenye kitenge cha kijani, aliyekataa meza kuu akaomba awekewe kiti karibu na mlango, ndiye. Muulize yeyote aliye jirani yako. Kisha mpeleke binti kwake sasa hivi, keki mtaikuta.