Moyo wa Tonho kwa Jina la Belmiro: Risala ya Waimbaji wa Tacho Velho

Mgeni rasmi, Dokta Heloísa Vilaça, Mkuu wa Afya wa manispaa yetu, Dokta Murilo, daktari wa kituo chetu, Idalina, mhudumu wetu wa afya, majirani wote, na wewe Seu Belmiro, uliyejibanza nyuma ya nguzo ukidhani hatukuoni:

KARIBU

Sisi waimbaji wa Wafalme Watatu wa kijiji cha Tacho Velho tunakupokea kwa mikono miwili. Tunajua barabara ya mlimani imekutikisa mpaka meno. Pole sana, Mheshimiwa. Nasi hutikisika vivyo hivyo kila tunapoitwa hospitali ya mjini, tofauti ni kwamba sisi huwa tayari tunaumwa.

Ile meza iliyofunikwa kitambaa ni yako. Kuna mikate midogo ya jibini, kuku, mboga za majani, na maharage yaliyokaangwa na unga wa muhogo. Ngozi ya nguruwe ya kukaanga ipo pia, lakini kidogo, na imewekwa mbali na baadhi ya watu ambao risala hii itawataja kwa majina.

SISI NI AKINA NANI

Kila mwaka, tangu Krismasi hadi sikukuu ya Wafalme, wale Mamajusi, mwezi Januari, tunapita nyumba kwa nyumba na bendera, ngoma na kodiani, tukiimba habari za mtoto aliyezaliwa. Kila nyumba inatubariki kwa chakula, na kukataa baraka ni dhambi. Babu zetu hawakukataa, baba zetu hawakukataa, na hakuna aliyetuambia kwamba baraka zile zilikuwa zinajilimbikiza kwenye mishipa. Wanaume wetu tuliwazika nywele zikiwa bado nyeusi. Tulisema, "Mungu kampenda zaidi," tukaimba, kisha tukala.

Ndipo Idalina akaanza naye kupita nyumba kwa nyumba, na mashine yake ya presha mkobani. Tukamcheka. "Huyu naye anaimba wimbo gani?"

"Ule wa wajane," akajibu. "Nyie hamuujui, mnakuwa mmeshalala."

Mwaka ule kikundi kikaweka sharti: hakuna atakayetoka na bendera kabla hajapimwa. Presha haibishi hodi, basi sisi tukaifuate huko huko iliko.

YALIYOMPATA SEU BELMIRO

Mgeni rasmi, tulipiga kura kama kisa hiki kisomwe mbele yako. Hapana ilikuwa moja tu, ya Seu Belmiro. Zilizobaki zote zilikuwa ndiyo, ikiwemo ya mke wake, Dona Zulmira, ambaye ndiye anayekusomea risala hii.

Seu Belmiro ndiye nahodha wetu. Ana kifua kama pipa, na akivuta kodiani na kupaza sauti, mbwa wa kijiji jirani huitika. Ng'ombe dume hamwogopi, radi haiogopi. Alichokuwa anakiogopa ni kile kitambaa kinachofungwa mkononi na kujaa upepo. Baba yake alianguka zizini kabla hajafika sitini. Kaka yake Lázaro akaanguka baada yake, kijiko cha supu kikiwa mkononi. Tangu hapo Belmiro alijifundisha hesabu yake mwenyewe: asiyepimwa haumwi. Idalina akipiga hodi mlangoni, yeye alikuwa kwenye mahindi. Idalina akimfuata kwenye mahindi, yeye alikuwa kwa padri. Idalina akienda kwa padri, padri naye alikuwa hajapimwa, wakawa wamejificha wote wawili.

Sharti la kikundi lilipombana, akamwendea shemeji yake Tonho, kaka wa Zulmira. Tonho ni mwembamba kama fimbo ya bendera anayoibeba. Hali mafuta, havuti sigara, hupanda mlima akipiga mluzi.

"Shemeji, niazime mwili wako," Belmiro akamwambia.

"Huo wako umekosa nini?"

"Una maneno mengi. Vaa kofia yangu, ingia kwa daktari, sema wewe ni mimi. Ni mgeni, kaja juzi. Atajuaje?"

Kweli hakujua. Dokta Murilo alikuwa ameshuka kwenye basi wiki ile ile, na siku hiyo Idalina alikuwa ng'ambo ya mto kwa wazazi wapya. Tonho akaingia na kofia ya Belmiro imemfunika masikio. Daktari akamuuliza baba yake alikufa na nini.

"Alikuwa mzima kabisa," Tonho akajibu. "Alimwangukia ng'ombe tu."

Daktari akampima presha, ikawa nzuri. Kisha akamshika mkono, akasikiliza kifua, akasikiliza tena, muda mrefu. Tonho alitoka pale akicheka.

Kesho yake Idalina akapiga hodi kwa Belmiro. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Belmiro alimfungulia mwenyewe, tena akamwekea kahawa.

"Seu Belmiro, daktari anasema moyo wako unakwenda kama mbuzi aliyekata kamba."

"Moyo wangu?"

"Wako. Si alikusikiliza jana? Au hukuwapo?"

"Nilikuwapo," akasema, na sauti ile ya kuitikisha mbwa ikawa ndogo.

"Mapigo hayana mpangilio. Damu inaweza kuganda humo ndani, ikapanda kichwani, ukapata kiharusi. Kuna dawa, lakini lazima kwanza uende mjini ukapimwe umeme wa moyo. Usichelewe."

Idalina anaapa mpaka leo kwamba alikuwa hajui lolote. Sisi hatumwamini.

Alipoondoka, Belmiro alikaa jikoni. Kitu cha kwanza kilichomjia, amekiri mwenyewe, kilikuwa raha: si moyo wangu! Akamimina kahawa nyingine, akainywa nusu. Ulikuwa wa nani basi? Akamwona Tonho akipanda mlima na bendera, akipiga mluzi, hajui kitu. Akisema, kijiji kizima kitajua kwamba nahodha wao anakimbia kitambaa, na yeye mwenyewe atakamatwa afungwe mkono. Asiposema, hakuna atakayejua. Alisema moyoni, "Labda si kitu." Kisha akakumbuka kwamba maneno hayo hayo ndiyo Lázaro aliyoyasema.

Akaacha kikombe mezani, akaenda bila kofia mpaka banda la jibini.

"Shemeji, hivi moyo wako haurukiruki?"

"Unaruka kila siku," Tonho akasema, mikono imezama kwenye maziwa yaliyoganda. "Kahawa hiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mbona unaniangalia kama seremala anayepima jeneza?"

"Tonho, ule moyo alioukuta daktari ni mbovu. Na ni wako."

Tonho akatoa mikono kwenye maziwa taratibu. Hakucheka. Akaifuta kwenye aproni.

"Kwa hiyo mgonjwa ni mimi, na anayepelekwa hospitali ni wewe?"

"Ndiyo."

"Wewe kwa kupenda vya watu!" Tonho akasema, halafu akaegemea ukuta, na Belmiro akamshika asianguke. Wakatoka vile vile, wameshikana, mpaka kituoni.

"Yupi hapa ni Belmiro?" Dokta Murilo akauliza.

Wote wawili wakanyoosha mkono.

Walipomweleza, daktari akawa mwekundu kama pilipili. Walidhani atawafukuza. Badala yake akamtuma Idalina atafute gari la kumpeleka Tonho mjini, kisha akavuta kiti.

"Sasa wewe, Belmiro wa kweli. Kunja shati."

Belmiro akafumba macho. Kitambaa kikajaa upepo. Ikawa mia na tisini juu ya mia na kumi.

"Niambie polepole, daktari."

"Ni kubwa sana. Lakini jana ilikuwa inakujua yenyewe tu. Leo na wewe unaijua."

Belmiro akafungua jicho moja. "Ndiyo hivyo tu? Sijafa?"

"Bado, na leo tunaanza kuhakikisha."

Hapo nahodha wetu alilia, Mheshimiwa. Alilia kwa ajili ya baba yake na Lázaro, ambao hakuna aliyewahi kuwafunga kitambaa. Wakati huo Tonho alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la jibini, na Dokta Murilo akapanda nyuma kukaa naye, katikati ya ndoo, njia nzima. Huko mjini walithibitisha alichokisikia. Tonho akapewa dawa ya kuzuia damu isigande, na mpaka leo anapiga mluzi, ingawa anapumzika katikati ya wimbo.

MAFANIKIO

Belmiro anameza dawa kila asubuhi, na mkewe humfungua kinywa kuhakikisha. Anatembea hadi mtoni na kurudi. Chumvi ameipunguza, manung'uniko ameyaongeza. Januari iliyopita wote wawili walimaliza njia yote na bendera. Nyumba nyingi zilitupa matunda na kuku wa kuchemsha, na bibi mmoja akalalamika kwamba siku hizi Wafalme wanalishwa kama wamelazwa. Padri amepimwa. Na mwaka huu, Mheshimiwa, hatukuimba kwenye mazishi ya mwenzetu hata mmoja.

CHANGAMOTO

Barabara umeionja. Dawa za presha nazo huisha kituoni kabla mwezi haujaisha, na Belmiro huchukulia jambo hilo kama likizo.

Lakini lililo kubwa ni madaktari. Wanakuja, wanaanza kujua majina yetu, wanahamishwa. Wote walikuwa wazuri. Kila mmoja alituuliza baba zetu walikufa na nini, na kila mmoja tulimpa uongo wake tofauti. Hatukufanya kwa ubaya, tuliogopa tu. Ugonjwa wa moyo ni wa miaka, na huwezi kulindwa dhidi yake na mtu wa miezi. Mtu humdanganya mgeni, jirani ni vigumu kumdanganya: anajua kofia ni ya nani.

MAOMBI

Tunaomba dawa zitoshe mwezi mzima. Tunaomba Idalina apate pikipiki, kwa sababu mashine ya presha ni nyepesi lakini mlima si mwepesi.

La tatu tunaliomba tukiwa tumesimama. Tumesikia kwamba Dokta Murilo anahamishwa mwisho wa mwezi, na mwingine atakuja. Huyo mwingine tutampenda. Lakini atatukuta tumevaa kofia za watu.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Wafalme wale waliotembea njia ndefu kufuata nyota wakutangulie barabarani. Nyumba yako ikose kilio, meza yako isikose mgeni, na moyo wako upige kwa mpangilio mpaka uone vitukuu.

Tena tunaomba radhi kwa jambo moja kabla hatujaketi. Asubuhi hii, wakati sisi tunatandika meza, vitabu vya Dokta Murilo vilikuwa vimeshapakiwa kwenye gari, tayari kumtangulia. Sasa havimo. Tonho amevishusha, akavirudisha rafuni kimoja kimoja. Hatukumtuma. Maboksi mazito, ambayo daktari amemkataza Tonho kuyanyanyua, aliyabeba Belmiro. Tunakusihi, Mheshimiwa, usiwaambie wavipakie tena.

Ni sisi,
Waimbaji wa Wafalme Watatu wa Tacho Velho,
wenye bendera, ngoma, kodiani, na presha zinazojulikana.